Mthamini anakuja, we unanunua mapazia

Jamani hebu tuongee kidogo kuhusu hii ishu ya mthamini, yule mtu wa kukadiria thamani ya nyumba, kuja nyumbani maana naona wengi tunahangaika na vitu ambavyo havituongezei hata mia. Mtu akishaambiwa na benki kwamba nyumba lazima ithaminiwe kwanza ndo mkopo uendelee, basi nyumba inapambwa kama bibi harusi, mapazia mapya, kapeti linasuguliwa na sabuni ya unga mpaka linabadilika rangi, vikombe vya wageni vinashushwa kabatini, afu ukiuliza hati iko wapi wanaanza kuangaliana. Mara iko kwa kaka mkubwa Morogoro, mara iko kwenye begi jeusi juu ya kabati, mara "si ulichukua wewe mwaka ule".

Hii yote nimeiona kwa mamdogo wangu wa Segerea. Anauza mchele, sasa anataka atoke kwenye reja reja aingie jumla, achukue mzigo wa maana kutoka Kyela badala ya kununua gunia moja moja kwa watu wa kati wanaomkamua. Benki wakamwambia sawa mama, lete hati, mthamini atakuja kuiona nyumba, gharama yake unalipa wewe. Kwenye grupu la familia la wasapu ikawa sherehe. Huyu anasema pakeni rangi nyumba nzima, huyu anasema wekeni pevingi mbele inapendezesha, binamu yangu mmoja akatuma picha ya taa za dari za kuning'inia akasema hizi zinaongeza thamani. Bamdogo yeye kimya, anasubiri aone nani atalipia.

Kwa bahati nina rafiki anafanya kazi kwenye ofisi ya wathamini, si hiyo iliyotumwa na benki, nyingine kabisa, nikampigia nikamwambia hebu nieleze mnaangalia nini hasa. Akacheka. Akasema watu wanatuandalia pilau sisi tunataka kuona shimo la choo.

Kwanza tuelewane mthamini anathamini nini. Anathamini ardhi na kile kilichojengwa juu yake, basi. Sofa lako unaondoka nalo siku ukihama, tivii unaondoka nayo, friji vilevile, kwaiyo haviko kwenye hesabu yake. Kabati za jikoni zilizojengwa ukutani sawa, hizo ni sehemu ya nyumba. Taili, dari la jipsamu, madirisha ya aluminiamu, grili, milango ya mbao ngumu, bati ni geji gani, vyote anaandika. Mapazia hapana. Yaani hata kama umenunua mapazia ya laki nane Kariakoo, kwenye ripoti hayamo.

Hesabu yenyewe kwa nyumba ya kawaida ya kuishi inaenda hivi, natolea mfano tu msije mkaninukuu. Anapima nyumba kwa nje anapata ukubwa, tuseme mita za mraba 120. Anajua kujenga upya nyumba ya aina hiyo leo ni kama laki 6 kwa kila mita ya mraba, hapo ni milioni 72. Nyumba si mpya, anakata uchakavu, tuseme asilimia 15, inabaki milioni 61 na laki 2. Anakuja kwenye kiwanja, tuseme mita za mraba 600 na mtaa huo ardhi inauzwa elfu 50 kwa mita, milioni 30. Afu anaongeza kazi za nje, fensi, geti, shimo la maji taka, tenki, kisima kama kipo, tuseme milioni 8 na laki 8. Jumla milioni 100. Hiyo ndo thamani ya soko. Hapo hapo kwenye ripoti kuna namba nyingine ndogo zaidi, thamani ya kuuza kwa haraka, yaani siku mkopo umekushinda na nyumba inapigwa mnada, na hiyo inaweza ikashuka hata robo nzima, tuseme milioni 75. Benki macho yake yako kwenye hiyo ya pili, na wala hawakupi yote. Sasa mtu aliyekaa sebuleni kwake akisubiri mkopo wa milioni 100 kwa sababu nyumba yake ni ya milioni 100 ajue mapema. Mamdogo alivyosikia hivo alinyamaza kidogo afu akasema "kumbe ndo maana".

Angalia sasa kwenye hesabu hiyo ni wapi unaweza kusogeza kitu. Ukubwa wa nyumba huwezi. Bei ya ardhi mtaani huwezi. Kinachobaki ni uchakavu, kazi za nje, na kwamba kila ulichonacho kimeonekana na kimeandikwa. Pamoja na makaratasi, maana makaratasi yakiwa na mgogoro hesabu yote hiyo nzuri inakaa kwenye droo ya afisa mikopo.

Tuanze na hati. Nchi hii ardhi ni ya umma, iko chini ya Rais kama mdhamini, sisi tuna haki ya kuitumia kwa muda ulioandikwa kwenye hati, miaka 33, 66 au 99. Watu wengi hawajawahi hata kusoma ya kwao ni mingapi. Chukua hati yako leo uangalie imeanza lini. Kama ni ya miaka 33 na imeanza 1998 inaisha 2031, na benki nao wanapiga hesabu ya miaka iliyobaki. Ya bamdogo ni ya miaka 33 kuanzia 2003, kwaiyo inaisha 2036, na mkopo ni wa miaka mitano, pakawa hakuna shida. Ila wao wenyewe walikuwa hawajui, walidhani hati ikishatoka imetoka.

Afu kuna kodi ya pango la ardhi. Hapa nilibishana na mamdogo vibaya sana. Yeye anasema "sisi tunakatwa kwenye LUKU kila mwezi, hatudaiwi". Mamdogo, ile ya LUKU ni kodi ya majengo! Ile ilihamia kwenye umeme mwaka 2021, ikaanza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda ikawa 1,500, na wenye ghorofa mjini 7,500 kwa kila sakafu. Pango la ardhi ni kitu kingine kabisa, unachukua kontrol namba unalipa kila mwaka, na usipolipa linakaa linajikusanyia na riba yake. Tukaomba kontrol namba, likaja deni la miaka kadhaa, bamdogo akavaa miwani akalisoma kama anasoma barua ya posa aliyokataliwa. Wakalipa. Risiti ikaingia kwenye faili.

Na hapo hapo akaniuliza swali ambalo naona wengi wanaliogopa, je wakisema nyumba ina thamani kubwa si kodi itapanda? Kwa hii ya majengo hapana, ni kiwango kimoja kama nilivyosema, nyumba isiyo ya ghorofa iwe ya milioni 40 au ya milioni 200 zote 1,500. Kwaiyo msianze kuficha vyumba.

Jina kwenye hati ni la bamdogo peke yake. Mkopaji ni mamdogo. Hii haizuii kitu lakini bamdogo lazima awepo asaini, na hata ingekuwa kinyume chake, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Nawaambia wale wanaotaka kukopa kimya kimya mke asijue, au mume asijue, benki watataka sahihi ya huyo huyo unayemkwepa. Na kama hati bado iko kwa jina la marehemu baba, shughulikieni kwanza mirathi mahakamani, mpate msimamizi, hati ibadilishwe. Mthamini anaweza kuja akapima lakini huo mkopo hautatoka na hela ya mthamini hairudi.

Wasio na hati, wale wenye leseni ya makazi, ile karatasi ya muda ya maeneo yasiyopimwa, usikate tamaa mapema, kuna benki na saccos zinapokea leseni, ulizia kabla hujalipia uthamini. Wenye mkataba wa mauziano tu wa serikali ya mtaa ndo wana kazi zaidi, na kama mtaani kwenu kuna zoezi la urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha viwanja vilivyojengwa bila kupimwa, ingieni, lipieni, msisubiri siku ya shida.

Haya, bikoni. Hii sehemu ndo niliifurahia. Rafiki yangu aliniambia kwamba mthamini anataka kujihakikishia kiwanja anachokiona ndo kile kilichoandikwa kwenye hati, kwaiyo mawe ya mipaka yakionekana unamrahisishia kila kitu. Tukatoa ile ramani ndogo iliyobanwa nyuma ya hati, ina namba za bikoni kwenye kila kona. Mbele mbili zikaonekana bila shida. Ya pembeni kwa mama jirani ikapatikana chini ya mfereji. Ya nne hamna. Bamdogo anasema ilikuwepo, aliiona kwa macho yake wakati wanajenga, iko pale kwenye ile rundo la kifusi karibu na banda la kuku. Akaitwa kijana na sururu, kuku wakahamishwa kwa kelele zote unazozijua, tukatoa matofali yaliyovunjika, mifuko ya simenti iliyogandiana, kandambili moja ya mtoto ambaye saivi yuko chuo. Chini kabisa sururu ikagonga ikalia ngli. Zege la duara, katikati kipande cha chuma, namba zimejaa tope. Bamdogo akamwaga maji ya kwenye dumu, akasugua na kidole, akasoma namba kwa sauti, mimi huku nafuata kwenye ramani, ikalingana. Alifurahi mzee wa watu utadhani amechimba dhahabu Geita.

Furaha haikudumu. Maana bikoni iko nje ya fensi. Fensi ya nyuma imejengwa ndani ya kiwanja kwa kama nusu mita, kona mpaka kona, na jirani banda lake la kuni limesimama kwenye hiyo nusu mita kwa amani kabisa. Bamdogo akataka aende sasa hivi. Mamdogo akamzuia, akamwambia baba Neema, tuthaminiwe kwanza, ukianzisha mgogoro wa mpaka wiki hii nani atatukopesha. Akili kubwa hiyo. Kwenye hati ukubwa ni ule ule, mthamini akaonyeshwa bikoni zote nne akaandika anavyojua. Mambo ya banda la kuni wataongea kwa mwenyekiti wa mtaa mzigo wa mchele ukishaingia. Na tafadhali bikoni usiing'oe wala kuisogeza hata kama inakukera, ni kosa kisheria.

Nije kwenye nyumba yenyewe. Dar mnaijua, kuta zinaliwa na chumvi. Kwa mamdogo ni ukuta wa kibarazani na chumba cha wageni, kuanzia chini mpaka usawa wa goti, rangi imevimba, ukigusa unga unamwagika. Fundi akaja, kijana mchangamfu, akaangalia akasema "dada hii ndogo, nakwangua, napiga skimu, rangi mikono miwili, mthamini hata hajui". Nikamuuliza na mvua za masika zikija? Akasema "si atakuwa ameshaondoka".

Sasa huyo mthamini ana vidole. Rafiki yangu alinionyesha wanavyofanya, anapita anagonga ukuta na kifundo cha kidole, ngo ngo ngo ngo, afu ghafla bo. Hiyo bo maana yake lipu imeachana na tofali, nyuma kuna uwazi. Na anajua rangi mpya iliyoishia kwenye goti peke yake inaficha nini, ameziona nyingi. Tena ukificha kimoja akakigundua anaanza kutafuta na vingine, hata pale ambapo hakukuwa na neno. Kwaiyo tukamwambia fundi abomoe lipu yote iliyokufa mpaka kwenye tofali, iachwe ikauke vizuri, ndo apige upya na simenti yenye dawa ya kuzuia maji. Aliona tunapoteza hela. Ila hiyo kazi ndo niliyokubali mamdogo aitolee pesa, maana inagusa uchakavu moja kwa moja, na hata benki wakikataa bado wana ukuta mzima.

Dari vivyo hivyo. Koridoni jipsamu ilikuwa na madoa ya kahawia, mtu wa kwanza akasema pakeni rangi nyeupe juu. Hapana, doa linasema bati linavuja. Akapanda fundi akakuta misumari miwili imelegea karibu na kofia, kazi ya asubuhi moja, ikazibwa, ndo kipande cha jipsamu kikabadilishwa. Nyufa nyembamba za kwenye lipu msiziogope sana, kila nyumba inazo. Ule ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha kwenda chini, unaopitisha kadi ya simu, huo ndo wa kumwita mtu anayejua misingi kabla ya mthamini, maana huo anaupiga picha.

Pevingi nilipinga. Waliletewa makadirio ya milioni 6, na ukweli mchungu ni kwamba ukitumia 6 haiongezeki 6 kwenye ripoti, inaweza ikaonekana 3 au hata chini. Kama ulikuwa unataka pevingi kwa ajili ya maisha yako weka, magari yasizame, lakini usiseme unawekeza kwa ajili ya mthamini. Badala yake uwanja ukafagiliwa, majani yakafyekwa nyuma mpaka ukutani, kifusi kikaondolewa, mfuniko wa chemba uliokuwa umevunjika ukafyatuliwa mwingine wa zege. Mfuniko jamani ni hela ndogo na mtu anapita juu yake, akizama mguu humo hata sijui tungeongeaje.

Kuna vyumba viwili vya uani ambavyo havijaezekwa, vimeishia kwenye lenta tangu bamdogo alipostaafu. Vilikuwa vimejaa mbao, masufuria makubwa ya shughuli, baiskeli bila matairi, na mpapai uliojiotea wenyewe. Walitaka waviezeke haraka haraka kwa hela ya kuazima. Hakuna haja. Boma, yaani jengo ambalo halijaisha, linathaminiwa kama boma, kwa hatua lilipofikia, linaingia kwenye hesabu. Kinachotakiwa aweze kuingia apime. Masufuria yakatoka, mbao zikapangwa upande mmoja, mpapai ukabaki maana una mapapai.

Sasa la wapangaji. Mbele kuna fremu mbili, moja saluni nyingine wakala wa pesa, na uani kuna kijana amepanga chumba kimoja, analinda usiku sehemu fulani, mchana kalala au kafunga kufuli kaondoka. Waambieni watu mapema! Mthamini akikuta mlango umefungwa anaandika hakuweza kuingia na kumuomba arudi ni hela na siku nyingine. Yule kijana alikuwa na wasiwasi kwamba nyumba inauzwa anafukuzwa, mtaa mzima ulikuwa umeshamwambia, mpaka mamdogo akamkalisha akamueleza kwamba ni mkopo tu. Na kama fremu zako zina mikataba ya pango iweke kwenye faili, maana jengo linaloingiza kodi mthamini anaweza kuliangalia na kwa upande wa mapato yake, na maneno matupu ya "hii nakodisha laki mbili" hayana uzito kama karatasi yenye sahihi. Mikataba ya mamdogo ilikuwa ya mdomo, wakaandikishana wiki hiyo hiyo.

Kuna vitu huwezi kurekebisha na ni heri uvijue kabla hujalipa ada. Barabara. Mnakumbuka 2017 nyumba kuanzia Kimara mpaka Kiluvya zilivyobomolewa kwa kuwa ndani ya mita 121.5 za hifadhi ya barabara ya Morogoro kila upande, na humo kulikuwa na nyumba nzuri kuliko zetu zote humu. Nyumba yenye alama ya X ya kubomolewa au iliyoingia kwenye hifadhi, taili za Hispania hazitaisaidia. Mto nao, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa bahari, wenzetu mnaokaa kwenye kingo za Msimbazi na vijito vyake mnanielewa. Njia ya umeme mkubwa ni hivyo hivyo. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa uangalie mipango miji, usiulize dalali.

Na nikishamtaja dalali, niseme. Dalali wa mtaani kwao alimwambia mamdogo nyumba hii inauzika milioni 180, na akaimeza hiyo namba. Mthamini hatumii bei ambayo mtu anatamani kuuza, anatafuta bei ambazo watu wameshalipa, nyumba na viwanja vilivyouzwa kweli eneo hilo. Hapo unaweza kumsaidia. Kama jirani wa mtaa wa pili aliuza kiwanja mwaka jana na anakubali kukuonyesha mkataba, mpe mthamini taarifa hiyo, ukubwa na bei, atakwenda kuhakikisha mwenyewe. Hiyo ina maana kuliko soda. Soda mpe, jua kali. Bahasha usimpe, wathamini siku hizi wanasajiliwa na bodi yao kwa mujibu wa sheria ya 2016, ripoti ya mkopo inapelekwa kwa Mthamini Mkuu wa Serikali iidhinishwe, kwaiyo namba iliyopikwa inaweza kurudishwa na mkopo wako ukachelewa mpaka msimu wa mchele ukakupita. Na we pia una haki ya kumuuliza amesajiliwa, asikununie.

Siku yenyewe ilikuwa fupi kuliko maandalizi, kama kawaida. Alikuja na kijana wake mmoja, wana tepu ndefu na kile kimashine kinachotoa kinukta chekundu ukutani kinasoma urefu. Mbwa alikuwa amefungwa tangu asubuhi. Wakazunguka nje kwanza, wakapima kila upande, akachora nyumba kwenye karatasi kwa mkono, nzuri tu. Ndani akapita kila chumba, akafungua bomba akaona maji yanatoka, akawasha taa, akainama jikoni akaangalia chini ya sinki ambako kusema kweli hatukupaangalia sisi, kulikuwa kukavu. Akagonga ukuta wa kibarazani. Ngo ngo ngo. Mamdogo alikuwa amesimama nyuma yangu amenishika mkono. Akasogea akaenda mwingine.

Akauliza nyumba ilijengwa mwaka gani, bamdogo akaanza hadithi ya tangu kununua kiwanja, kijana akatulia na kalamu akisubiri mwaka. Andikeni hivi vitu kwenye karatasi moja jamani, mwaka wa kuanza, mwaka wa kuhamia, bati lilibadilishwa lini, shimo la choo lina ukubwa gani, kibali cha ujenzi na ramani kama mnazo, mita ya umeme na ya maji ni za nani. Bati la mamdogo lilibadilishwa 2019 likawekwa la msauzi, risiti ilikuwepo, na bila kuambiwa mthamini angeweza kulichukulia ni la umri wa nyumba. Kitu kama hicho ndo kinapunguza uchakavu, si maua ya plastiki mezani.

Pilau lilipikwa hata hivo. Mamdogo alisema mgeni ni mgeni. Walikula, wakapiga picha ya mwisho mbele ya geti na bamdogo amesimama pembeni ameshika hati, wakaondoka.

Ripoti ikitoka omba nakala yako, umeilipia. Isome, usiende kwenye namba ya mwisho tu. Angalia namba ya kiwanja na kitalu, jina limeandikwa kama kwenye hati, ukubwa, vyumba vyote vimo, fremu zimo. Kwenye ya mamdogo kitalu kilikuwa kimekosewa herufi, C badala ya G, akapiga simu ikarekebishwa kabla haijapelekwa mbele, ingekwama huko ingekuwa hadithi nyingine. Na kuna namba ya tatu watu wanairuka, ile ya bima, gharama ya kujenga upya jengo bila ardhi, benki watakukatia bima ya moto kwa hiyo.

Thamani ilitoka chini ya ile ya dalali, juu kidogo ya ile niliyokuwa naihesabu mimi kichwani. Mamdogo akakopa pungufu ya kiwango walichomruhusu, anasema rejesho la kila mwezi ndo linamuamsha usiku, si ukubwa wa mkopo. Gunia za kwanza zimeshafika, ziko kwenye vile vyumba vya uani, maana ikabidi viezekwe kweli safari hii, kwa hela ya benki. Bamdogo ameanza kuulizia tena mambo ya nusu mita.